Uzi maalumu: Kufufua spika za zamani (sponji, kapasita, twita, na makosa niliyoyafanya kwa mikono yangu)

#1 MzeeWaBesi (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nimekuwa nikidandia mada za watu nikiahidi "nitafungua uzi wake", leo nimekaa kuumaliza. Ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hakuna ugomvi.

Spika zenyewe ni jozi ya mwaka 1978, sanduku lililozibwa lisilo na tundu, wufa (spika ya besi) ya inchi 10, twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ya kuba. Kanipa baba mdogo, kachoka kuziona zimekaa tu. Siku niliyoziwasha, besi ilitoka kama mtu anapiga kadibodi. Nikavua kitambaa cha mbele, nikagusa ukingo wa koni, nao ukabaki kidoleni! Upande mmoja unanata kama lami, upande mwingine unga mtupu.

Ukingo huo ni sponji ya poliurethani. Unyevu wa hewani unaivunja kidogo kidogo, jua na joto vinaongeza kasi. Miaka 10 hadi 20 inatosha kuimaliza, upige muziki usipige. Kwa hiyo mtu akikuuzia za enzi hizo akakuapia kwamba "hazijatumika kabisa", mwambie vizuri, ila zimeoza huku zimepumzika. Zenye ukingo wa raba ya butili au kitambaa kilichopakwa dawa hudumu zaidi sana. Zipo za miaka ya sitini ambazo ukingo wake wa kitambaa haujaguswa hadi leo.

Sasa, kabla hujashika bisibisi. Watu wengi wanafungua kwanza, wanafikiri baadaye. Mimi naanza na mita. Wufa iliyoandikwa omu 8 isomeke kati ya 5.5 na 7 hivi, ya omu 4 isomeke 3 na ushee. Usishtuke kwamba namba ni ndogo kuliko iliyoandikwa, mita inapima ukinzani wa waya tu. Ikikaa kimya kabisa, usikimbilie kusema koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni, unaocheza ndani ya sumaku) imeungua. Angalia kwanza ule uzi wa waya wa kusuka unaotoka kwenye vituo kwenda kwenye koni. Umekunjwa mara mamilioni, hukatika kwa ndani huku ganda lake linaonekana zima. Uguse na kuutikisa huku mita imeunganishwa. Namba zikicheza, umempata mwizi.

Kisha vidole. Weka vidole vinne kuzunguka kofia ya katikati, sukuma koni ndani taratibu kwa nguvu sawa pande zote, tega sikio. Inatakiwa iende kimya kama droo iliyopakwa nta. Ukisikia mkwaruzo wa mchanga, koili inasugua sumaku. Ila sponji ikiwa imeshaoza kipimo hiki hudanganya, maana koni imelala upande. Ishikilie katikati kwanza.

Kununua sponji: usiagize "ya inchi 10" ukaishia hapo. Inchi 10 ni fremu, na wufa mbili za inchi 10 zinaweza kutofautiana koni kwa sentimita nzima. Pima kipenyo cha koni, kipenyo cha ndani cha fremu, upana wa tuta la sponji, halafu angalia mdomo unaokaa kwenye koni: bapa au umeinama kufuata mteremko wa koni? Mimi niliagiza bapa kwa koni inayotaka mdomo ulioinama. Ilishika, lakini ilijikunja mawimbi kama pindo la gauni lililoshonwa na mwanafunzi. Nikaing'oa.

Kusafisha ndiko kulikonichosha. Jioni mbili nzima za kukwangua gundi ya zamani kwa ukucha, kijiti, na pamba yenye spiriti ya isopropili. Koni ya karatasi usiilowanishe, gusa na usubiri. Na wenye koni za plastiki za Bextrene, zile nyeusi za Waingereza, asetoni isikaribie hata meza hiyo. Bextrene ni ndugu wa polistareni, inayeyuka ukiangalia.

Gundi: nyeupe ya maji, ile ya mbao, au ya spika inayokauka polepole. Gundi ya papo hapo usithubutu. Haikupi nafasi ya kusogeza, na ikikauka inakuwa kioo kwenye kitu kinachotakiwa kucheza. Gundisha kwanza sponji kwenye koni, acha ikauke mpaka kesho. Fremu ni siku ya pili.

Na hapo ndipo nilipoharibu. Nilisoma mahali kwamba huhitaji kufungua kofia ya katikati, eti unaipigia wufa sauti ya hezi 30 kwa kiwango kidogo, unasogeza koni mpaka mkwaruzo unapotea, unaiacha. Njia hiyo inafanya kazi, nawajua waliofanikiwa. Mimi nilisogeza, nikanyamazisha, nikaenda kulala. Asubuhi gundi imekauka, koni imehama robo milimita, koili inasugua. Pengo la sumaku hapo halina hata milimita moja kila upande, kwa hiyo robo si kitu kidogo.

Mara ya pili nikakata kofia kwa wembe, nikaacha mm 3 za ukingo wake ili nipate pa kugundishia nyingine. Nikapanga vipande vinne vya plastiki nyembamba ya jalada la daftari kati ya koili na nguzo ya sumaku: saa 12, saa 3, saa 6, saa 9. Sasa koni haina pa kwenda. Nikagundisha fremu, nikabana kwa vibanio vya nguo, nikaondoka chumbani kabisa ili nisishawishike kugusa.

Moja la mwisho, lenye uchungu kidogo. Nilipofungua sanduku la kushoto nikakuta twita si yenyewe. Kuna fundi aliwahi kubadilisha miaka ya nyuma, akaweka ya omu 4 yenye kelele kuliko ya mwanzo, bila kugusa krosova (sakiti inayogawa sauti kati ya wufa na twita). Baba mdogo alikuwa akilalamika kwamba kushoto "kunachoma sikio", akajibiwa inalia au hailii? Basi ililia hivyo miaka yote.

Nitaleta mrejesho. Karibuni mrekebishe nilipokosea.

#2 lehemu

Mkuu uzi mzuri, ila umeruka kapasita, na mimi kapasita ni dini.

Spika za miaka hiyo nyingi zina kapasita za elektroliti zisizo na chanya wala hasi. Baada ya miaka 40 zinakauka, nyingine zinapanda thamani. Fanyeni hesabu: twita ya omu 8 na kapasita ya mikrofaradi 4 inakatisha karibu na hezi 5,000, yaani sauti za chini ya hapo zinapunguzwa zisifike kwenye twita. Kapasita hiyo ikipanda ikafika 6, mkato unashuka hadi hezi 3,300 hivi. Maana yake twita inalishwa sauti nzito ambazo haikuumbwa kuzibeba. Siku ya sherehe inaungua, watu wanalaumu amplifaya.

Mimi zangu zote natoa, naweka za filamu. Nimemaliza.

#3 Sikio Moja

lehemu, hujamaliza, umeanza vita 😀

Umezipima kabla ya kuzitoa? Nina spika mbili za mwaka 1974 ambazo kapasita zake, nilipozitoa mguu mmoja na kuzipima, zilikuwa ndani ya asilimia 5 ya thamani iliyoandikwa. Nilizirudisha. Kitu kizima hakihitaji kufufuliwa.

La pili watu hawalisemi: elektroliti ina ukinzani wake wa ndani, mdogo lakini upo, na mhandisi aliyetengeneza spika alisikiliza akiwa nayo. Ukiweka filamu yenye ukinzani karibu na sifuri, twita inapanda kidogo, mtu anasema "wee, imefunguka!" Baada ya wiki masikio yanachoka. Ukiweka filamu, ongeza kipingamizi cha nusu omu hivi mfululizo nayo, usikilize, uamue. Wala usije ukaweka elektroliti ya kawaida yenye alama ya hasi mahali hapo. Muziki ni umeme unaokwenda na kurudi, itavimba.

#4 lehemu

Nakubali kwenye kipingamizi. Kwenye kupima nakubali nusu. Kipimo cha mita ya kawaida kinakupa thamani tu, ukinzani wa ndani hakioni. Kapasita inaweza kusoma 4.1 ikawa imekauka. Unahitaji mita yenye kipimo hicho.

Lakini sawa: pima kwanza. Mimi mwenyewe ni mvivu wa kupima.

#5 binti_fundi

Habari zenu wakubwa. Mimi natengeneza twita zaidi kuliko wufa, niongeze mawili.

Kwanza, twita iliyofifia ambayo mita inasema nzima. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya sabini viwanda vingi viliweka majimaji ya sumaku kwenye pengo la koili, kupoza na kutuliza. Yanakauka, yanakuwa tope, kisha gundi. Koili inashikwa, sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Dawa yake ni kuinua kuba kwa uangalifu, kuingiza kipande cha karatasi isiyo na vumbi ndani ya pengo, kuzungusha, kutoa, kurudia mpaka karatasi itoke nyeupe. Mara ya kwanza itatoka na kitu kama rangi ya viatu iliyokaa juani. Halafu unaweka mapya, kiasi na uzito uleule. Twita isiyokuwa nayo tangu kiwandani usiitie. Utabadilisha mwendo wake.

Pili, wenye spika za Acoustic Research (AR) za zamani, vile vidude vya nyuma vya kuongeza na kupunguza twita na sauti ya kati vinaota kutu kwa ndani. Mtu anasema twita imekufa, kumbe hajazungusha kitufe tangu anunue. Kizungushe mara ishirini kwenda na kurudi kwanza, kwa sauti ndogo. Ikikwaruza na kurudi, umejua ugonjwa. Kifungue, kisafishe, au weka kipya.

Na tafadhali, mwenye spika ya Yamaha NS-1000M, iliyotoka 1974: kuba za sauti ya kati na twita ni beriliamu. Ikiwa imepasuka usiikwangue, usiipige msasa. Vumbi lake ni sumu kwa mapafu.

#6 Mgeni74

Samahani kwa kuingilia, ni mgeni kwenye mambo haya. Nimebadilisha sponji za JBL za miaka ya sabini, zote mbili zinaenda vizuri bila mkwaruzo. Nikafuata ushauri wa kupima kwa betri ya volti 1.5: chanya kwenye kituo chekundu, hasi kwenye cheusi. Koni inaingia NDANI, zote mbili! Nimegeuza nini? Sijafungua koili wala kugusa waya wa ndani.

#7 Sikio Moja

Hujageuza kitu mdogo wangu, tulia. JBL kwa miaka mingi walikuwa kinyume na wengine: chanya kwenye nyekundu, koni inarudi nyuma. Wakibadilika walibadilika baadaye. Muhimu zote mbili ziende upande mmoja. Ikitoka moja na kuingia nyingine, besi inauana katikati ya chumba, unabaki na sauti nyembamba.

Ila usichanganye wufa ya JBL ya zamani na ya kampuni nyingine ukaunganisha rangi kwa rangi.

#8 binti_fundi

Na betri hiyo ni kwa wufa tu, mguso wa nusu sekunde. Twita usiipime hivyo.

Tena kwenye krosova nyingine twita imeunganishwa kinyume na wufa kwa makusudi, ili sauti zikutane sawasawa pale zinapopokezana. Fundi asiyejua anaona waya mwekundu umekwenda kwenye hasi, anasema "aliyetangulia alikosea", anageuza, anaacha shimo katikati ya muziki. Piga picha kabla ya kukata waya wowote. Bandika karatasi. Kumbukumbu ya kichwa haitoshi, mimi nimeshajidanganya mara tatu.

#9 chuma_chakavu

Wakuu hamjagusa sumaku. Spika nyingi nzuri za kabla ya 1978 zina sumaku za alniko: aluminiamu, nikeli na kobalti. Baada ya hapo wengi wao wakahamia ferraiti (sumaku ya kauri). Sababu watu wanadhani ni ufundi, kumbe ni vita. Kobalti nyingi duniani ilitoka mkoa wa Shaba, Zaire, yaani eneo la Katanga kule Kongo ya leo. Mapigano ya 1977 na 1978 yakavuruga migodi, Kolwezi ikatekwa, bei ya kobalti ikapaa. Viwanda vya spika Marekani vikajikuta vinachora sumaku upya.

Kwa hiyo ukiona wufa mbili za jina moja, moja ina sumaku ndogo ndefu ndani ya chungu cha chuma, nyingine ina gurudumu pana la rangi ya mkaa, hapo ndipo historia ilipopita katikati.

Faida ya kujua: alniko inaweza kupungua nguvu ikipigwa umeme mkubwa mno au sumaku ikifunguliwa kutoka kwenye chungu chake. Usiifungue "kuisafisha". Ikitoka tu, ukiirudisha haiwi ileile mpaka itiwe sumaku upya kwa mashine.

#10 Mgeni74

Asanteni sana. Nimelala vizuri jana kwa mara ya kwanza wiki hii. Swali la masanduku: mbao zimepauka, nipake nini?

#11 lehemu

Kama ni ganda la mbao halisi lisilo na vanishi, futa vumbi, paka mafuta ya kitani kidogo sana kwa kitambaa, acha dakika 20, futa yote yaliyobaki.

Halafu soma hili mara mbili: kitambaa hicho kilicholowa mafuta ya kitani USIKIKUNJE ukakitupa kwenye ndoo. Yakikauka yanatoa joto, kitambaa kilichokunjwa kinashika moto chenyewe. Kitandaze nje kikauke, au kiloweke kwenye maji.

Matundu ya skrubu yaliyolegea: njiti za meno na gundi ya mbao, kata usawa, funga kesho yake. Pamba ya kioo ya ndani irudi yote, kiasi kilekile, na uvae barakoa.

#12 MzeeWaBesi (mleta uzi)

Mrejesho wakuu.

Kulia kumekamilika. Sponji imekaa, kapasita nilipima (lehemu usicheke): mbili zilikuwa sawa, moja ya twita ilisoma 5.6 badala ya 4. Nimebadilisha kapasita za twita zote mbili, kushoto na kulia, na nusu omu ya Sikio Moja nimeiweka. Niliisikiliza bila, nikaisikiliza nayo. Nayo ni bora. Saksafoni inakaa nyuma kidogo ya ukuta sasa, haikusogelei usoni.

Kushoto kulinitesa. Mezani wufa haikukwaruza kabisa kwa hezi 30. Naifunga kwenye sanduku, inakwaruza. Naitoa, kimya. Nikadhani nina wazimu. Siku mbili. Mwishowe nikaona gasketi ya zamani upande wa chini imevimba donge, na mimi nilikuwa nakaza skrubu moja mpaka mwisho ndipo naenda nyingine. Fremu ya bati ilikuwa inapinda! Nikakwangua donge, nikaweka gasketi mpya, nikakaza kwa msalaba, robo mzunguko kwa robo mzunguko, kama unavyokaza nati za gurudumu. Mkwaruzo ukaondoka.

Halafu kipimo cha uvujaji. Masanduku haya yanafuata ile njia ya Edgar Villchur wa Acoustic Research, aliyoitoa na spika ya AR-1 mwaka 1954, ambapo hewa iliyofungiwa ndani ndiyo springi ya koni. Sanduku likivuja, springi imelegea. Sukuma koni ndani, achia: kulia inarudi kwa uvivu, kama mlango wenye kizuizi cha mafuta. Kushoto ilirudi pwa! Nikawasha ubani nikauzungusha nyuma huku nikisukuma koni taratibu. Moshi ulicheza kwenye kibao cha vituo vya waya. Gasketi tena.

Sasa lile la twita. Nilipokuwa natoa pamba ya kioo sanduku la kushoto ili nione kibao hicho, mkono ukagusa kitu kigumu kimefungwa kwenye gazeti. Twita ya asili. Yule fundi hakuitupa, aliizika mlemle ndani. Nikaipima: kimya, hakuna namba. Nikakumbuka nilichowaandikia nyie wenyewe kwenye #1, nikaweka ncha za mita kwenye waya mwembamba kabla haujaingia chini ya kuba. Omu 6.1. Koili nzima. Waya ulikuwa umekatika kwenye kituo, milimita mbili kutoka mwisho. Tone moja la lehemu, ile yenye utomvu wa msonobari ndani, si ile ya asidi ya mabomba.

Nimempigia baba mdogo, nikaiweka simu mbele ya spika bila kumwambia kitu. Akasikiliza kidogo, akaniuliza hiyo ni ya kulia au ya kushoto. Nikamwambia kushoto. Akasema, "Wacha maneno."

Kilichobaki ni kitambaa cha mbele. Cha asili kimechanika na kimejaa moshi wa miaka. Nimejaribu kuweka kitambaa cha kawaida cha pamba kizito, twita ikafifia, nikakitoa. Kipimo changu cha kitambaa ni kukiweka mdomoni na kupuliza, pumzi ipite bila kuhisi kizuizi. Mwenye uzoefu wa vitambaa vinavyopitisha sauti aseme, vilevile namna ya kukivuta kwenye fremu bila kona kukunjana.

#13 binti_fundi

Kiloweshe kidogo kwanza, anza kubana katikati ya kila upande ukielekea kwenye kona, kona ziwe za mwisho. Nitakutumia picha.